Maiki ya bei nafuu kwa bendi ya matarumbeta: kabla hujatoa laki saba

"Salamu, fundi. Mimi ni mwalimu hapa Tororo, Uganda, na ndiye ninayeongoza bendi ya parokia yetu. Tuko tisa: matarumbeta manne, tromboni mbili, yufonia moja, tuba moja na ngoma kubwa. Tunataka kurekodi nyimbo sita za Krismasi tuziuze kwenye flashi, tupate hela ya kukarabati vyombo. Tulijaribu kwa simu, sauti ikawa inapanda na kushuka yenyewe. Kisha kijana mmoja akatuazima maiki ya kondensa, ile yenye mkono wa chuma na sponji, waya wake unaingia moja kwa moja kwenye tundu la laptopu. Matarumbeta yakianza kupanda, sauti inakuwa kama karatasi inachanwa. Nikipunguza kwenye laptopu inakuwa ndogo lakini bado inachanika. Kijana anasema maiki za mkononi ni za mahubiri tu, tununue kondensa kubwa ya studio. Mwingine anasema upepo wa tarumbeta unaua maiki. Nina laki saba, laptopu, na miksa ya kanisa. Ninunue nini?"

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, na maneno yaliyonishika ni haya: "inakuwa ndogo lakini bado inachanika." Ugonjwa umo humo, na umeueleza vizuri kuliko wengi wanaonipigia simu.

Sauti ikitoka kwenye chombo hadi kufika kwenye laptopu inapita milango kadhaa. Kwanza utando wa maiki, kisha saketi ndogo iliyo ndani ya maiki yenyewe, kisha tundu la miksa au la laptopu pamoja na geini yake, yaani kitufe cha kukuza sauti inayoingia, na mwisho inageuzwa kuwa tarakimu. Ikichanika kwenye mlango wa pili, huwezi kuishona kwenye mlango wa nne. Nguo iliyochanika ukiikunja itakuwa ndogo, lakini imechanika vilevile. Ndivyo ilivyokuwa kwako: ulipunguza mwisho wa njia, na uharibifu ulikuwa mwanzoni.

Kwa nini mwanzoni? Watu wawili wakizungumza wakiwa wamesimama umbali wa mita moja, sauti yao ni kama desibeli 60. Tarumbeta likipigwa kwa nguvu, ukiweka maiki karibu kabisa na mdomo wake mpana, unakaribia 130. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila 20 zinazoongezeka, mgandamizo wa hewa unazidishwa mara 10, kwa hiyo kutoka 60 hadi 120 tu ni mara 1,000. Maiki ya kondensa ina saketi ndani yake inayohitaji umeme, na zile za maana hupewa volti 48 kutoka kwenye miksa, umeme ambao mafundi wanauita fantomu. Ile mliyoazimwa ilikuwa inanyonya volti chache tu kutoka kwenye tundu la laptopu. Imetengenezwa kwa mtu anayeongea polepole chumbani. Mkaisimamishia matarumbeta manne!

Simu nayo ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Ndani yake kuna programu inayopunguza sauti kubwa na kuinua ndogo, ili ukipigiwa ukiwa sokoni usikike. Tarumbeta likilia inashusha kila kitu, likinyamaza inapandisha. Kwa mazungumzo ni msaada, kwa muziki ni balaa.

Sasa hilo la upepo, maana nalisikia kila mwezi. Chukua kipande cha karatasi ya chooni, kishike kwa vidole viwili mbele ya mdomo wa tarumbeta, umwambie kijana apige noti ndefu. Karatasi itatikisika kidogo, basi. Hewa anayoipuliza ni ileile inayotoka mwishoni, ila imetandazwa kwenye mdomo wenye upana wa sentimita 12 hivi, na hapo inatembea sentimita chache tu kwa sekunde. Kinachotoka kwa nguvu ni sauti, yaani mtikisiko, na maiki ya dainamiki, ile ya kawaida ya mkononi isiyohitaji umeme, inauvumilia bila shida. Kwa hiyo hata ile sponji huihitaji mkirekodi ndani.

Aina moja tu ndiyo ningekuonya nayo, maiki ya riboni. Ndani yake kuna utepe wa alumini mwembamba kuliko unywele, na watu wa studio wanaipenda sana kwa matarumbeta kwa sababu inayalainisha. Zile nzuri, kama Royer R-121, zinapita dola 1,000. Zipo za bei ya chini, ila zinatoa sauti ndogo inayohitaji geini nyingi, zinasikia mbele na nyuma sawasawa, na umeme wa fantomu ukipita kwenye waya uliounganishwa vibaya unaweza kuukata utepe. Yangu ilikufa hivyohivyo. Niliichomeka kwenye miksa ya ukumbi mmoja ambako swichi ya fantomu ni moja kwa matundu yote, na waya niliouokota kwenye sanduku ulikuwa umelehemiwa vibaya na mtu mwenye haraka. Sikusikia hata mlio. Kwa bendi ya parokia inayobeba vifaa vyake kwenye bodaboda, riboni iachie wengine.

Kuhusu maiki za mkononi kuwa za mahubiri tu, kijana wako ana nusu ya ukweli. Shure SM57, dainamiki iliyotoka mwaka 1965, ndiyo imesimama mbele ya marais wa Marekani wakihutubia kwa miongo mingi. Na ni hiyohiyo inayowekwa mbele ya ngoma za seti, spika za gitaa na tromboni, kwa sababu karibu hakuna chombo kitakachoizidi nguvu. Haina saketi ya kuchoka: ni utando, koili na sumaku. Ikichanika, jua tatizo liko kwenye mlango unaofuata baada yake, yaani geini, na hiyo unaipunguza kwa kidole.

Linganisha na Audio-Technica AT2020, kondensa ya heshima ambayo bei yake kule Marekani iko karibu na ya SM57, dola 100 hivi. Yenyewe imeandikwa inavumilia hadi desibeli 144, kwa hiyo tarumbeta halitaivunja. Lakini kwa sauti ileile, AT2020 inapeleka kwenye miksa umeme mkubwa karibu mara tisa kuliko SM57. Kwa mtu anayenong'ona hiyo ni zawadi. Kwa matarumbeta unakuta geini imeshushwa hadi chini kabisa na taa nyekundu bado inawaka. Ndiyo maana nasema kondensa ya matarumbeta iwe na swichi ya kupunguza, ile wanayoiita pedi, ya desibeli 10 au 20. AT2020 haina. Ndugu yake AT2035 anayo, ila bei inapanda.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Maiki ya bei rahisi ina dhambi mbili kubwa: inavuma kidogo, ile shhh inayosikika kila mtu akinyamaza, na inahitaji sauti kubwa ndipo ifanye kazi vizuri. Anayerekodi zeze au mtu anayesimulia hadithi, dhambi hizo zitamtesa. Wewe unarekodi matarumbeta. Ile shhh itafunikwa yote, na sauti kubwa unayo ya kugawa. Kati ya vyombo vyote ninavyorekodi, sijui vingine vinavyoivumilia maiki ya hela kidogo kama vyenu. Usitoe laki saba zote kununua utulivu ambao bendi yako haina!

Kabla ya kutaja cha kununua, nisaidie kitu kimoja. Nenda kwenye miksa ya kanisa utafute swichi iliyoandikwa 48V. Kisha angalia kama ina tundu la USB la kuunganishia laptopu. Ziko zenye USB ya kuchezea flashi tu, hiyo haitoshi.

Kama vyote viwili vipo, mimi ningenunua jozi ya kondensa ndogo, zile nyembamba kama kalamu nene. Behringer C-2 huuzwa mbili pamoja na kijichuma cha kuzishikilia juu ya stendi moja, zina swichi ya kupunguza desibeli 10, na kule Marekani jozi nzima haifiki dola 100. Juu yake ongeza dainamiki moja ya kawaida, hata Behringer XM8500, ambayo ni kama robo ya bei ya SM57. Jitahidi maiki zote hizo zisile zaidi ya nusu ya hela yako. Inayobaki ni ya stendi ndefu isiyoyumba na nyaya nzuri za XLR, zile za maiki zenye pini tatu. Watu wanacheka nikisema stendi, lakini utaona hapa chini kwa nini urefu wake una thamani kuliko jina la maiki.

Kama kimojawapo hakipo, usikimbilie kununua miksa. Kirekodi kidogo cha mkononi chenye maiki zake mbili, kama Zoom H1n au Tascam DR-05, kitawafaa zaidi. Kinatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya wimbo wa tano mnaendelea. Kikomo chake ni cha chini, desibeli 120 kwa ile Zoom na 125 kwa ile Tascam, na hivyo hakifai kuwekwa usoni mwa tarumbeta. Lakini kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inashuka desibeli 6. Kama kwenye sentimita 20 ni 130, kwenye mita 3 na kidogo imeshafika 106 hivi. Ongeza wenzake wanane na mwangwi wa ukumbi, bado uko salama. Siku hizi wauzaji wanasifu virekodi vipya vinavyorekodi kwa biti 32, kwamba havichaniki kamwe. Ni kweli kwenye mlango wa mwisho. Kwenye mlango wa kwanza, utando ni utando.

Maiki za USB za kuchomeka moja kwa moja kwenye laptopu ziruke. Bendi ya watu tisa itaishinda.

Sasa kuziweka. Kila sauti ya tarumbeta ni noti moja ya chini iliyobeba mzigo wa noti nyembamba juu yake, na hizo nyembamba ndizo zinazolipa ung'avu. Mpigaji akizidisha nguvu, hazikui kwa pamoja: zile nyembamba zinakua haraka zaidi, hasa kwenye tromboni, ambako wimbi linasukumwa ndani ya bomba refu hadi linakuwa na makali. Halafu kuna suala la mdomo. Sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 1.7, ambalo haliuoni mdomo wa sentimita 12, linasambaa pande zote. Sauti ya mitetemo 10,000 ina wimbi la sentimita 3 na kidogo, na hilo linatoka moja kwa moja mbele kama mwanga wa tochi. Ukiweka maiki katikati ya tochi unapata makali matupu, na utailaumu maiki. Isogeze pembeni, hata kwa pembe ya digrii 30, chombo kinakuwa na mwili.

Jaribu hivi bila maiki. Mwambie mmoja apige, wewe ziba sikio moja, simama mbele ya mdomo mita moja, kisha tembea polepole kuelekea ubavuni mwake. Kuna mahali utasema, "Hapa." Maiki ikae hapo.

Kwa bendi nzima, wapange nusu duara. Matarumbeta yawe nyuma, yufonia mbele karibu na stendi, maana ndiyo inayomezwa kila mara. Stendi iwe mita 2 na nusu hadi 3 mbele yao, na maiki ziinuliwe mita 2 na nusu kutoka sakafuni zikiwaangalia kwa chini kidogo, ili zile tochi za matarumbeta zipite chini yake. Ukiwa na jozi, zikutanishe vichwa karibu kugusana, moja ikiangalia kushoto na nyingine kulia, pembe ya digrii 90. Kuna njia za kuzitenganisha zinazotoa upana mzuri, lakini flashi yako itachezwa kwenye redio yenye spika moja kule kwa shangazi, na sauti zilizorekodiwa kwa maiki zilizoachana zikichanganywa kwenye spika moja huharibiana.

Tuba inaangalia juu, kwa hiyo sauti yake inapanda kwenye mabati na kurudi imechelewa. Ile dainamiki ya ziada ndiyo yake: juu ya mdomo wake, kama nusu mita, pembeni kidogo badala ya katikati. Usiitumbukize ndani, itatoa sauti ya pipa. Na wapiga tromboni wapewe nafasi mbele. Jinja niliwahi kupanga stendi kwa uzuri kabisa wakati wamekaa kimya, wimbo ukafika kwenye noti ya chini, mkono wa tromboni ukanyooka wote ukaipiga stendi kama ngumi. Tangu siku hiyo namwambia mpigaji anyooshe mkono hadi mwisho kabla sijafunga skrubu.

Kisha geini. Usiwaambie "jaribuni kidogo." Waambie wapige kipande chenye kelele kuliko vyote, ule mwisho wa wimbo ambapo wote wanajimwaga. Weka geini ili vilele vifike desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha kipimo, halafu shusha tena kidogo, kwa sababu kila bendi ninayoijua hupiga kwa nguvu zaidi ikishajua kwamba sasa ni kweli. Ikichanika na taa nyekundu haijawaka, tatizo liko kwenye maiki: washa pedi au sogea nyuma. Ikichanika na taa inawaka, shusha geini.

Ukumbi wenu una mabati na kuta za simenti, nina hakika bila kuuona. Tundikeni mablanketi kwenye ukuta ulio nyuma ya maiki na ule ulio nyuma ya bendi, mtandike mikeka sakafuni. Au tokeni nje. Bendi ya matarumbeta chini ya mwembe, saa moja asubuhi kabla bodaboda hazijachangamka, inasikika safi kuliko kwenye kumbi nyingi nilizolipwa kufanyia kazi. Hapo sponji ya kuzuia upepo itahitajika, ya upepo wa kweli. Mkibaki ndani, malizeni kabla ya mchana. Mvua ya alasiri ikianza kupiga bati hakuna maiki itakayowasaidia.

Ukienda dukani, jihadhari na SM57 na ndugu yake SM58 za bandia, zimejaa Afrika Mashariki nzima. SM57 halisi ina gramu 284. Beba kimizani kidogo cha jikoni, na muuzaji akikasirika umeshapata jibu. Uzito peke yake hautoshi, maana wapo wanaotia kipande cha chuma ndani, kwa hiyo omba kuisikiliza hapohapo. XM8500 halisi ni bora mara kumi kuliko Shure ya uongo.

Kuna mambo ambayo barua haitayatatua. Kama ukigusa stendi au maiki unahisi umeme unakutekenya, zima kila kitu umwite fundi umeme aangalie waya wa ardhi wa jengo, kabla hata mazoezi hayajaendelea. Kama chombo kimoja kinanguruma au kinatetema hata ukikisikiliza kwa sikio tupu, huenda ni kiungo kilicholehemiwa kimeachia au kizibo cha kutolea mate kilichochakaa. Kipeleke kwa fundi wa vyombo, labda kwa mmoja wa wazee waliopita bendi ya polisi au ya jeshi, wanajua. Na vijana wakilalamika kwamba masikio yanalia hadi kesho yake, waone daktari, na wasikae tena mstari wa mbele ya matarumbeta. Kwa desibeli 100, wataalamu wa afya kazini wanaruhusu dakika 15 tu kwa siku.

Hizo nyimbo sita mkishazirekodi, nitazisikiliza kwa furaha. Lakini kwanza piga picha ya miksa, mbele na nyuma, unitumie kabla hujapanda gari la Kampala.